Wapelelezi wa Serikali: Nani Huwauliza Hesabu?

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, mjomba wangu alifika Baraka kwa mtumbwi kutoka Ubwari akiwa na magunia manne ya ndagala. Kabla hajamaliza kupakua, mtu asiyevaa sare alimwomba karatasi zake, akazitazama, akamwambia amfuate. Akamwingiza katika nyumba isiyo na kibao mlangoni. Humo alikaa siku tatu. Kila jioni mke wake alipeleka ugali na samaki. Chakula kilipokewa, sahani zikarudishwa, lakini mume hakuonyeshwa. Siku ya nne jamaa wakachanga fedha, naye akatoka. Hakuambiwa kosa lake, hakupewa karatasi yoyote, na ndagala wake walikuwa wamekwisha kuoza.

Nilipomwuliza ni ofisi gani iliyomshika, alinijibu hivi: «Mwanangu, walisema ni watu wa usalama. Usalama gani, sikuthubutu kuuliza.»

Ofisi ile sitaitaja. Nayaleta mambo haya kwa sababu baada ya muda, nilipokuwa nikifundisha darasani juu ya mamlaka za serikali, kijana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. «Mwalimu,» alisema, «polisi akikosea, tunakwenda kumshtaki kwa parke. Na hawa wa usalama wakikosea, tunakwenda kwa nani?» Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza wote pamoja, maana kila mmoja alimkumbuka mtu wa nyumbani kwao. Nilimwahidi kumjibu juma lililofuata. Haya ndiyo majibu yangu, ingawa yamechelewa.

Kwanza tuwe watu wa haki. Hakuna nchi isiyo na wapelelezi, na teritware yetu ya Fizi yawahitaji kuliko nyingine nyingi. Tazameni tulivyokaa. Tuna sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Upande wa mashariki ni ziwa, na ng'ambo yake Burundi na Tanzania. Upande wa magharibi ni milima inayopanda hadi Itombwe na nyanda za Minembwe. Huko Misisi kuna dhahabu, na penye dhahabu hapakosi bunduki. Kwa miaka mingi vikundi vya Mai-Mai, na waasi waliotoka Burundi, wamepita katika misitu yetu kama mtu apitavyo shambani kwake. Mtu anayejua mapema kwamba kijiji fulani kitavamiwa usiku, akapeleka habari kwa jeshi, amewaokoa watoto wengi. Kazi hiyo ni njema. Siitukani, na msomaji asinisingizie kwamba nataka ifungwe.

Lakini kazi ya siri ina hatari yake. Mwalimu akifanya kazi vibaya, wazazi huona daftari za watoto wao. Mganga akifanya vibaya, wagonjwa husema. Mpelelezi akifanya vibaya, nani ataona? Nyumba haina kibao, fedha zake hazisomwi hadharani, na aliyeteswa ndani aogopa kusema. Kwa hiyo nchi zenye busara hutenga watu wengine, wasio wapelelezi wala wasiotumwa nao, wawe na haki ya kuingia katika nyumba hizo, kufungua vitabu vya fedha na kuhesabu waliofungwa. Watu hao ndio niwaitao waangalizi. Nao wahitaji mshahara, mafuta ya gari na karatasi. Mfuko wa serikali unapokuwa mwepesi, hao ndio wa kwanza kusahauliwa.

Sisi wa Fizi tumekwisha kuwaona wapelelezi wa kila namna. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na askari wake wa Kuba, akakaa katika milima yetu pamoja na waasi wa Simba hadi Novemba mwaka ule. Waliomwinda walikuwa nani? Juu angani waliruka marubani wa Kikuba waliokuwa wamekimbia nchi yao, wakilipwa na CIA, shirika la upelelezi la Marekani. Ziwani zilizunguka boti za doria za shirika hilohilo. Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare walitua pwani karibu na Baraka, wakapigana siku kadhaa kabla ya kuushika mji, na mwezi uliofuata wakafika Fizi. Wazee wetu waliokuwa vijana wakati ule walikimbilia porini bila kujua ni nani aliyewalipa wale waliowapiga mabomu.

Waliojua walikuwa mbali sana. Ikapita miaka kumi. Mwaka 1975 Baraza la Seneti la Marekani likaunda tume chini ya Seneta Frank Church. Jina lake lina maana ya Kanisa, lakini tume yake haikuwa na uhusiano wowote na kanisa. Tume hiyo ilifungua makabati ya CIA, na Novemba 1975 ikatangaza kwamba mwaka 1960 wapelelezi wale walikuwa wamepanga kumwua Patrice Lumumba kwa sumu. Ilisema pia kwamba haikuona ushahidi kuwa ndio waliomwua tarehe 17 Januari 1961. Ubelgiji nayo ilichelewa zaidi: tume ya bunge lake ilimaliza kazi Novemba 2001, ikakiri kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji walikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo hicho. Basi mabunge mawili ya kigeni yaliwauliza wapelelezi wao juu ya mambo waliyoyatenda Kongo. Na bunge letu?

Tusilidharau lote. Mkutano Mkuu wa Taifa wa miaka 1991 na 1992, ulioongozwa na Monsinyori Laurent Monsengwo, ulikuwa na tume iliyochunguza mauaji ya kisiasa na uvunjaji wa haki. Lakini kazi ile haikufika mwisho wake, na vita vilivyofuata viliifunika.

Wakati huo shirika la wapelelezi lilikuwa linabadili jina kama nyoka abadilivyo ngozi. Baada ya uhuru liliitwa Sûreté Nationale, likiongozwa na Victor Nendaka. Chini ya Mobutu likaitwa CND, kisha AND, na mwaka 1990 likaitwa SNIP. Katika miaka hiyo Laurent-Désiré Kabila alikuwa amejificha katika teritware yetu, huko Hewa Bora, pamoja na chama chake cha PRP alichokianzisha mwaka 1967. Watu wa Fizi walipata taabu mara mbili: walitozwa na waliokuwa msituni, na walishukiwa na waliokuwa ofisini. Mtu akinunua chumvi nyingi kidogo sokoni, aliulizwa anampelekea nani. Kisha Kabila akashika nchi, Mei 1997. Wengine walitumaini kwamba mtu aliyewindwa na wapelelezi kwa miaka thelathini angewafunga kamba hao wapelelezi. Mwaka uleule wa 1997 SNIP ikawa ANR, jina lililo juu ya milango hata leo. Hilo lilikuwa jina la tano.

Sheria inayoiongoza ANR ni amri yenye nguvu ya sheria namba 003 ya tarehe 11 Januari 2003. Iliandikwa wakati wa vita, kabla ya bunge la mpito kukaa, na yafaa tuitazame kwa makini. Inaweka shirika chini ya mamlaka ya Rais wa Jamhuri. Inawapa baadhi ya maofisa wake uwezo wa polisi ya mahakama, yaani kukamata na kuhoji. Kisha inamtaka mwendesha mashtaka apate kwanza idhini ya mkuu wa shirika kabla ya kumshtaki mtumishi wake kwa jambo alilofanya kazini. Hebu fikirini jambo hilo polepole. Mtoto wangu amemwibia jirani, na jirani hawezi kwenda kwa mzee wa mtaa mpaka mimi baba yake niseme ndiyo!

Miaka mitatu baadaye ikaja Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ibara ya 18 yasema kila anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoifahamu. Aruhusiwe mara moja kuwasiliana na jamaa zake au na wakili. Asiwekwe kizuizini zaidi ya saa arobaini na nane, bali baada ya hapo aachiliwe au apelekwe kwa hakimu anayehusika. Haisemi «isipokuwa ANR». Mwaka 2011, tarehe 9 Julai, ikaongezwa sheria namba 11/008 inayoadhibu mateso. Mwaka 2013, tarehe 21 Machi, ikaja sheria iliyounda Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iitwayo CNDH, na kuipa kazi ya kutembelea magereza na mahali pote pa kizuizini. Katika karatasi, basi, kijana wangu wa darasani amekwisha kujibiwa: nenda kwa hakimu, nenda kwa CNDH, mwandikie mbunge wako.

Katika maisha mambo ni mengine. Machi 2015, Kinshasa, walikamatwa vijana waliokusanyika kuzungumza juu ya wajibu wa raia. Mmoja wao, Fred Bauma, wa kikundi cha LUCHA cha Goma, alikaa mikononi mwa ANR siku hamsini bila kufikishwa kwa hakimu. Mwenzake Yves Makwambala siku arobaini. Baadaye walipelekwa gereza la Makala, wakaachiliwa Agosti 2016. Katiba yasema saa arobaini na nane. Ukigawanya siku hamsini kwa siku mbili wapata ishirini na tano. Muda uliowekwa na sheria ulipita mara ishirini na tano, wala hakuna mkuu aliyetakiwa kueleza hesabu hiyo mbele ya bunge.

Mwaka 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoanza kazi, serikali ilitangaza kwamba kasho za siri za ANR zitafungwa, na mkuu mpya akawekwa. Wengi tulifurahi, na mimi nikiwamo. Yapo yaliyofanywa kwa kweli, na watu walitolewa. Lakini sheria ya mwaka 2003 haikuguswa, na katika miaka iliyofuata watetezi wa haki wakaanza tena kuandika habari za watu walioshikwa bila hakimu. Nyumba inaweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho kwenye mtaa wa pili. Asiyekuwapo ni yule mwenye haki ya kupita mitaa yote miwili akiwa na orodha mkononi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye fedha.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na M23, na katikati ya Februari ukafuata Bukavu. Serikali ikapoteza ushuru na kodi za miji miwili mikubwa. Papo hapo ikabidi iongeze mishahara ya askari na kununua silaha. Sheria ya fedha ya mwaka 2025 ikarekebishwa katikati ya mwaka, na wakuu wakatangaza kwamba gharama za taasisi zitapunguzwa. Desemba 2025 vita vilifika Uvira, na barabara ya kando ya ziwa ikajaa watu waliobeba magodoro, wakija kwetu kwa Mboko na Baraka. Hakuna mtu mwenye akili atakayeilaumu serikali kwa kukata matumizi wakati wa namna hiyo. Hata mama mwenye nyumba, mavuno yakipotea, hukata.

Lakini mama mwenye nyumba huangalia anakata nini. Anayeandika makadirio ya serikali ana kishawishi cha kukata kwanza kile ambacho hakitapiga kelele. Ukikata posho ya askari, watapiga risasi hewani. Ukikata mshahara wa walimu, tutagoma. Tumekwisha kugoma mara nyingi, nakiri. Ukikata mafuta ya gari la CNDH, nani atagoma? Aliyefungwa? Tangu wajumbe wake wa kwanza walipoanza kazi mwaka 2015, tume hiyo imelalamika mara kwa mara kwamba fedha zilizoandikwa kwa jina lake katika bajeti hazitoki zote, au hutoka zikiwa zimechelewa. Mwangalizi anayekaa Bukavu au Kinshasa bila nauli hawezi kujua kilichomo ndani ya nyumba moja kule Lulimba.

Kuna namna ya pili ya kukata, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Ni kumwacha mtumishi bila mshahara. Katika ofisi nyingi za serikali ya Kongo wamo watu waitwao NU, yaani watumishi wapya, ambao upya wao waweza kudumu miaka kumi: wana kazi, wana meza, pengine wana mhuri, lakini hawana namba ya utumishi wala mshahara. Mtu kama huyo akipewa uwezo wa kukamata, atakula wapi? Atakula kwa aliyemkamata. Serikali itaandika katika kitabu chake kwamba imeokoa fedha, na kumbe fedha hizo zimelipwa na mke wa mvuvi aliyeuza kitenge chake sokoni Baraka. Hiyo ni kodi, wapenzi wasomaji, ingawa haina risiti. Ukijumlisha wote wanaomngoja mtu pwani wakati wa kushuka mtumbwini, wa uhamiaji, wa forodha, wa jeshi la maji, wa usalama wa kiraia na wa T2 ya jeshi, utaelewa kwa nini kilo ya ndagala hupanda bei kati ya maji na soko, mwendo wa dakika tano.

Msaada wa nje nao umepungua. Kwa miaka mingi aliyekuwa akibisha hodi kwenye kasho za Kivu Kusini, daftari mkononi, alikuwa mara nyingi mtu wa Umoja wa Mataifa, kutoka ofisi ya haki za binadamu iliyofanya kazi pamoja na MONUSCO. Azimio namba 2717 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, liliweka mpango wa kuondoka, na MONUSCO ikaondoka jimboni kwetu tarehe 30 Juni 2024. Mwaka 2025 Marekani ikafunga shirika lake la misaada la USAID, lililokuwa likilipia mawakili na vyama vingi vya haki katika mashariki ya Kongo. Siwalilii wageni, maana nyumba haijengwi kwa vijiti vya jirani peke yake. Lakini aliyeondoka alikuwa akifanya kazi ambayo sisi hatujaweka mtu wa kuifanya.

Tuna mfano wetu hapahapa wa jambo zuri lililosimama juu ya fedha za wengine. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la taifa waliingia katika mji wa Fizi, wakawatenda wanawake mambo maovu. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka. Wanawake wakasimama mbele ya hakimu, mbele ya umati, wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari luteni kanali aliyewaongoza askari wale, pamoja na maofisa wengine watatu, wakahukumiwa kifungo cha miaka 20. Waliokuwapo husimulia mpaka leo. Nani angesadiki kwamba afisa mwenye nyota begani angefungwa kwa neno la mama mkulima? Lakini safari ya mahakimu wale, chakula chao na mahema yao vililipwa kwa sehemu kubwa na wafadhili kutoka ng'ambo. Mahakama ya namna hiyo huja pale mfadhili anapotaka, na asipotaka haiji.

Msomaji ataniuliza kama ziko nchi zilizofaulu. Zipo zilizojaribu, na kila moja yatufundisha kitu.

Afrika ya Kusini imeandika mwangalizi ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 210. Aitwa Inspekta Mkuu wa Upelelezi. Rais humteua, lakini ni lazima kwanza akubaliwe na theluthi mbili za wabunge. Ni jambo zuri sana. Ila walisahau tundu dogo: fedha zake na ruhusa yake ya kusoma siri zilitoka kwa shirika lilelile analoliangalia. Mwaka 2018 Inspekta Mkuu Setlhomamaru Dintwe alikuwa akimchunguza mkuu wa shirika, Arthur Fraser. Fraser akamwondolea ruhusa ya siri, na mara moja mchunguzi akawa kipofu. Ilibidi mambo yafike mahakamani, na Fraser akahamishwa kazi. Baadaye tume iliyoongozwa na Sydney Mufamadi ilieleza jinsi shirika lile lilivyokuwa limegeuzwa chombo cha kikundi ndani ya chama, na fedha nyingi kupotea kwa jina la siri. Kwa maoni yangu funzo hili ndilo kubwa kuliko yote: mkebe wa fedha za mwangalizi usiwe katika nyumba ya anayeangaliwa.

Kenya ilitunga sheria mwaka 2012 inayompa raia mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya shirika la upelelezi: bodi ambayo mwenyekiti wake ni mtu anayestahili kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Tena kuna kamati ya bunge. Hata hivyo, Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga kodi mpya, serikali ikaondoa mswada wake na kulazimika kukata matumizi. Na katika miezi iliyofuata watu wakawa wanachukuliwa barabarani na magari yasiyo na namba za kweli. Hadi mwisho wa mwaka ule tume ya haki za binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa hawajaonekana. Sheria nzuri haikuwazuia watekaji. Lakini tazama jambo moja: ilikuwapo tume ya serikali yenyewe iliyohesabu, ikatangaza hesabu yake magazetini. Sisi tungepata wapi hesabu ya Fizi?

Na Marekani, ile iliyowafundisha wengine kwa tume ya Church? Januari 2025 rais wao mpya aliwafukuza kwa siku moja wakaguzi wakuu wa wizara nyingi. Mwezi huohuo aliwaondoa wajumbe watatu wa bodi inayolinda faragha ya raia mbele ya wapelelezi, hata bodi ikabaki bila idadi ya kutosha kufanya maamuzi. Agosti mwaka huohuo ofisi inayosimamia mashirika yote ya upelelezi ikatangaza kupunguza watumishi wake kwa karibu asilimia 40, ili kuokoa dola zaidi ya milioni 700 kwa mwaka. Pengine baadhi ya watumishi wale hawakuwa na kazi ya maana; jambo hilo lawezekana katika nchi tajiri. Lakini mwangalizi na mwangaliwa wakikatwa katika mwaka mmoja, raia ajuaje ni kipi kilichookolewa na ni kipi kilichofichwa?

Nimewasikia watu wakisema: «Siri ni siri. Ukiifungua, adui ataingia.» Neno hilo lina ukweli, nami silikatai. Majina ya watoa habari hayawezi kusomwa katika soko la Baraka. Lakini nani amewaomba hayo? Tunaomba kujua nyumba za kizuizini ni ngapi na ziko wapi. Humo wamo watu wangapi leo. Kila mmoja ameingia tarehe gani. Na watumishi wangapi wana mshahara. Hakuna adui anayeshinda vita kwa kujua kwamba mvuvi mmoja wa Ubwari amefungwa tangu Jumanne.

Wala hakuhitajiki fedha nyingi. Kitabu cha kuandikia waliokamatwa, chenye kurasa zenye namba, kina bei ndogo kuliko tairi moja la gari la mkuu. Mwendesha mashtaka kupita kila juma katika kasho zote za mahali pake, bila kubagua ya polisi na ya usalama, ni kazi anayolipwa tayari. Mbunge kuuliza swali la maandishi, au kuomba tume ya uchunguzi, ni haki aliyopewa na ibara ya 138 ya Katiba. Na kikao cha bajeti hufunguliwa kila mwaka tarehe 15 Septemba na kufungwa tarehe 15 Desemba. Katika miezi hiyo mitatu wabunge wetu wa Fizi wanaweza kusimama na kuuliza maswali mawili tu: fedha za CNDH za mwaka uliopita zilitoka kiasi gani kati ya zilizoandikwa? Na ile idhini ya mkuu wa shirika, iliyowekwa mwaka 2003 wakati wa vita, itaondolewa lini? Wanaporudi likizo Baraka kuomba kura, tuna haki ya kuwauliza kama waliuliza. Mwaka jana nilimwuliza mmoja wa watu wakubwa wetu. Akanijibu kwamba mambo ya usalama hayazungumzwi mbele ya watu. Nikamwambia kwamba mbele ya watu ndipo yanapotendeka, kwani mjomba wangu alikamatwa mchana, pwani, mbele ya wachuuzi wasiopungua mia.

Kijana aliyeniuliza lile swali amekwisha kumaliza shule. Yuko Lulimba, afanya biashara ya unga. Nilipomletea majibu haya kwa mdomo, kabla ya kuyaandika, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama CNDH ina simu inayopokelewa usiku.

Na mjomba wangu bado avuka kutoka Ubwari, akiuza ndagala wake. Mke wake ameshona mfuko mdogo ndani ya koti lake, na ndani ya mfuko huo mna karatasi niliyomwandikia: ibara ya 18 kwa Kiswahili, na namba za watu watatu wa kupigiwa simu. Juzi aliitoa, akaikunjua mbele yangu, imeanza kuchakaa kwa maji. Akaniuliza kama ingemsaidia siku ile. Nilimjibu kwamba pengine, kama upande wa pili wa mlango angekuwapo mtu anayelazimika kuisoma.